Kadi nilizochora kwa GIMP: bluu imetoka zambarau, jina la bibi harusi limehama. Kosa ni la programu ya bure, la Windows au la mchapaji?

#1 Mchora Kadi
Habari za jioni wakuu. Nina kadi 200 za mwaliko mezani na sijui nizifanyeje.

Harusi ni ya binamu yangu, kadi nimechora mwenyewe kwa GIMP 2.10, programu ya bure ya picha, kwenye laptopu yangu ya Linux Mint (mfumo wa bure badala ya Windows). Ukubwa ni A5, pikseli 1748 kwa 2480, kwa hiyo msiniambie picha ilikuwa ndogo. Ardhi ya kadi niliweka bluu kamili, kwenye RGB (nyekundu, kijani, bluu) ni 0, 0, 255. Duka la uchapaji la Kariakoo (jina siliweki) wakasema wanapokea PSD (faili la Photoshop) au PDF tu, basi nikatoa PSD, nikapeleka kwa flashi Jumatatu. Jumatano nikafuata mzigo.

Bluu imekuwa zambarau, rangi ya juisi ya zabibu. Na jina la bibi harusi, ambalo nililipanga katikati kabisa chini ya jina la bwana, limesogea kulia hadi mkia wa herufi ya mwisho umepanda juu ya ua la pembeni.

Kijana wa dukani akanijibu, "Hizi programu zenu za bure ndivyo zilivyo, kajifunze Photoshop." Hilo limeniuma kuliko hata rangi. GIMP nimeitumia miaka minne, imenilipia kodi ya chumba. Naomba kujua kwa dhati: kazi ya programu ya bure ikitoka Linux kwenda Windows ni lazima iharibike? Wajuvi njooni.

#2 Nyuki wa Tabata
Naweka kigoda hapa. Mwanangu ana kipaimara mwezi ujao, na kadi nilitaka kutengeneza mwenyewe.

#3 Dizaina Sinza
Pole mkuu, ila kijana wa dukani hajakosea sana. GIMP haijui CMYK. Mashine inachapa kwa rangi nne za wino: sayani, majenta, njano na nyeusi. Wewe umeipelekea RGB, rangi za taa ya skrini. Mashine ikabidi ijikadirie yenyewe. Ndiyo maana sisi wa kazi za kuchapa tunalipia Photoshop kila mwezi, hatulipi kwa sababu hela zimetuzidi.

#4 Mzee wa Wino
Vijana, nimesimama kwenye mashine za ofseti tangu 1991, tukichoma pleti kwa mkono. Niwaeleze bluu.

Wino wa bluu haumo mashineni. Bluu inapatikana kwa kulaza majenta juu ya sayani. Ukiomba bluu ya 0, 0, 255, kompyuta inaitafsiri kuwa sayani nyingi na majenta nyingi karibu sawa kwa sawa, na hivyo viwili vikikaribiana karatasini jicho linaona zambarau. Ndiyo maana wapiga chapa tuna desturi ya kuacha nafasi ya asilimia 30 kati yake. Sayani ikiwa 100, majenta isivuke 70. Hapo unapata bluu ya sare za shule.

Sasa wewe Dizaina Sinza, fungua hiyo Photoshop yako ya kulipia kila mwezi, andika 0, 0, 255, kachape. Utaniletea zambarau ileile. Bluu ile inaonekana kwenye taa tu, wino haufiki huko. Programu hapo haina kosa.

#5 Binti Ubungo
Mzee wa Wino, shikamoo, na asante kwa darasa.

Nimsahihishe Dizaina Sinza kidogo. "GIMP haijui CMYK" ni habari ya zamani. GIMP 3.0 ilitoka Machi 2025, na inatoa faili la CMYK kwa JPEG, TIFF na PSD. Kweli ndani bado unachora kwa RGB, ubadilishaji unafanyika wakati wa kutoa. Lakini hata hiyo 2.10 ina sehemu ya kutazama rangi zitakavyokuwa karatasini kabla hujachapa, ukiipa profaili ya mashine, yaani faili la maelezo ya rangi zake. Wengi hatuigusi kwa sababu imejificha kwenye menyu ya kutazama.

Na kama mtu anataka kuchora ndani ya CMYK moja kwa moja bila kulipa, Krita inafanya hivyo siku nyingi. Ipo ya Windows, Linux na Mac, na hata ya tableti za Android.

#6 Mzee wa Wino
Marahaba binti.

#7 Dizaina Sinza
Sawa, la 3.0 nimelipokea. Ila Krita ni ya wachoraji, kupanga maandishi ya kadi nzima humo utalia. Na rangi tumeimaliza, je jina lililohama? Hilo wino hauwezi kuelezea.

#8 Kaka Herufi
Hilo ni fonti tu, hakuna mjadala. Fonti nyingi za Windows haziko Linux na nyingi za Linux haziko Windows. Kompyuta ikikosa fonti inachukua nyingine, upana wa herufi unabadilika, mstari unahama. Ndiyo sababu Red Hat walitoa fonti za Liberation mwaka 2007, zina upana uleule wa Arial, Times New Roman na Courier New, ili barua ya ofisini ikihama kompyuta mistari ibaki mahali pake. Lakini kadi ya harusi nani anaandika kwa Arial? Kila mtu anataka herufi za mapambo zenye mikia.

#9 Binti Ubungo
Kaka Herufi, umekimbia mno. GIMP 2.10 ikitoa PSD, leya (tabaka) ya maandishi inageuzwa kuwa picha ya pikseli. Dukani hawakupokea herufi, wamepokea picha ya herufi. Fonti iwepo isiwepo, picha haiwezi kusogea yenyewe.

Ukiona PSD ya GIMP imefunguliwa kwa Photoshop, bonyeza maandishi uone. Hayahaririki.

#10 Mama Steshenari
Na mimi niseme la upande wa kaunta, maana nina steshenari ndogo Mabibo. Mteja akileta faili ambalo maandishi hayahaririki, na kijana ameona kama herufi zina ukungu, kuna wakati anafuta mstari na kuandika upya kwa fonti inayofanana. Anadhani anamsaidia mteja. Mimi vijana wangu nimewakataza, wakiona tatizo wapige simu. Lakini najua linafanyika. Mchora Kadi, linganisha umbo la herufi za jina hilo na herufi za jina la bwana. Zikipishana hata kidogo, basi jina limeandikwa dukani.

#11 Mchora Kadi
Asanteni sana wote. Nimekaa na kadi mbele ya taa na rula.

Kwanza niseme jambo ambalo sikuliandika mwanzo kwa kuona halina uzito. Jumapili usiku familia ilibadilisha ukumbi, kutoka Sinza kwenda Tabata. Mimi nilikuwa kwa dada yangu na laptopu yangu niliiacha nyumbani, ila faili la XCF, lile la GIMP lenyewe, lilikuwemo kwenye flashi. Nikafungua kwa kompyuta ya dada, ni ya zamani, ina Windows 7, GIMP yake pia ni 2.10. Nikabadilisha jina la ukumbi, nikatoa PSD palepale. Kwa hiyo PSD ilizaliwa Windows.

Pili, nimepima. Ua liko milimita 12 kutoka ukingoni kama nilivyolichora. Jina la bwana liko katikati. La bibi limehama milimita 9. Herufi kwa macho yangu zinafanana, isipokuwa "h" ya bibi mguu wake unaonekana mfupi, au ni macho yangu tu baada ya kuitazama saa nzima.

#12 Kaka Herufi
Si nilisema! Mambo yako wazi sasa. Kompyuta ya dada haina fonti yako. GIMP ikifungua XCF yenye fonti isiyokuwepo inakuonyesha herufi zilezile za zamani, hutagundua lolote. Siku ukiigusa ile leya ili kuhariri, inachora upya kwa fonti mbadala. Hapo ndipo ilipohama.

#13 Mchora Kadi
Kaka Herufi, nakuelewa, lakini niligusa leya ya ukumbi tu. Jina la bibi lina leya yake peke yake. Na ukumbi wenyewe ndio umetoka vizuri!

#14 Kaka Herufi
Una uhakika hukubonyeza leya ya jina kwa bahati mbaya ukitafuta ya ukumbi? Kubonyeza kwa zana ya maandishi na kuongeza nafasi moja tu, inatosha.

#15 Mchora Kadi
Saa tano usiku, watoto wa dada wananizunguka. Siwezi kuapa.

#16 Fundi Kompyuta Mwenge
Mnasahau mkato. Mashine ya kukata karatasi ikipanga rundo vibaya, kila kitu kinasogea. Nimeona kalenda nzima zikiegemea upande mmoja.

#17 Mzee wa Wino
Fundi, soma #11. Ua liko mahali pake, jina la bwana liko mahali pake. Kisu hakichagui jina la mtu mmoja.

#18 Nyuki wa Tabata
Mimi mwenzenu sina hata hiyo Linux. Nimeambiwa nitumie Photopea kwenye kivinjari, ni bure na inafungua PSD. Ila naogopa, picha za mwanangu zinakwenda kwenye kompyuta za nani huko?

#19 Binti Ubungo
Haziendi popote Nyuki. Photopea imetengenezwa na Ivan Kutskir, imekuwepo tangu 2013, na kazi yote inafanyika ndani ya kompyuta yako mwenyewe. Jaribu hivi: fungua ukurasa, ukishamaliza kujaa zima data, kisha fungua picha uhariri. Inaendelea kama kawaida. Mimi nilijaribu kwenye daladala kutoka Ubungo, bando likaisha njiani na nikaendelea na kazi.

Faida yake kubwa ni kwamba haijali una Windows, Mac au Linux, kivinjari ni kilekile. Na leya za maandishi za PSD inazifungua zikiwa bado maandishi. Matangazo ya pembeni ndiyo malipo yake.

#20 Mama Steshenari
Nakubaliana na Binti. Wanafunzi wanaokuja kwangu nusu wanatumia hiyo. Ila kwenye kompyuta yenye RAM kidogo, faili la leya 40 linagandisha kila kitu. Kadi ya leya tano au sita haina shida.

#21 Dizaina Sinza
Kwa mwanzo kabisa mimi ningempa Nyuki Paint.NET. Nyepesi, inaeleweka siku moja, na inaingia kompyuta yoyote.

#22 Fundi Kompyuta Mwenge
Si yoyote. Paint.NET ni ya Windows tu, imekuwa hivyo tangu wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington walipoianza mwaka 2004. Mwenye Linux au Mac anayetaka kitu kinachofanana nayo atafute Pinta. Nyuki ana Windows kwa hiyo ushauri unasimama, ila "yoyote" ifutwe.

#23 Dizaina Sinza
Nimeifuta. Leo mmeamua niwe mwanafunzi.

#24 Mpemba wa Kigamboni
Salaam. Kuna neno moja hapa mnalichanganya, na lugha yetu inalitenga vizuri: bure na huru. Paint.NET ni bure, lakini msimbo wake si huru, yaani hauko wazi kwa kila mtu. Photopea ni bure, si huru. Affinity, programu ya kubuni ambayo tuliinunua kwa dola, wenyewe wameifanya bure Oktoba 2025, sasa iko chini ya Canva. Lakini ni Windows na Mac tu, sisi wa Linux tunaitazama dirishani. GIMP, Krita, Inkscape ya michoro na Scribus ya kupanga kurasa ni huru. Hakuna ofisi itakayoamka asubuhi na kukuambia kuanzia leo unalipia, au kompyuta yako hatuitaki.

GIMP ilianzwa 1995 na wanafunzi wawili wa Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, wakati Photoshop tayari ipo. Waliandika hadi vitufe na madirisha yake wenyewe, ile GTK, na baadaye GTK hiyo ndiyo ikajenga programu nyingi za Linux zisizohusiana na picha hata kidogo. Mtu akiiita "programu zenu za bure" kwa dharau, namwona hajui anachokanyaga.

#25 Mchora Kadi
Mpemba, umenitoa machozi karibu. Hili ndilo nililotaka kumjibu yule kijana na sikuwa na maneno.

#26 Dizaina Sinza
Mpemba nakuheshimu, ila huru hailipi mteja. Mteja anataka kadi ya bluu.

#27 Mpemba wa Kigamboni
Na Photoshop nayo ingempa zambarau, Mzee wa Wino ameshakuambia hilo #4. Rudi ukasome ndugu yangu.

#28 Mwalimu Pwani
Niongeze kisa changu cha Windows na Linux, si cha kadi. Nilitengeneza tovuti ya shule, picha zote nimezipunguza kwa GIMP kwenye Windows, kwangu zinaonekana safi. Nikapandisha kwenye seva, nusu ya picha hazionekani. Nikahangaika siku mbili nikiilaumu GIMP. Kumbe kamera ilizipa majina yanayoishia .JPG kwa herufi kubwa na mimi kwenye ukurasa nimeandika .jpg kwa herufi ndogo. Windows haioni tofauti. Seva ilikuwa ya Linux, na kwa Linux hayo ni majina ya mafaili mawili. Picha zilikuwa nzima muda wote.

#29 Fundi Kompyuta Mwenge
Hiyo ya mwalimu imenikuta mara nyingi. Na ipo nyingine ya kuangalia wakati huu watu wanahama kwenda 3.0. Ukiweka kivuli au athari yoyote kwenye leya ndani ya GIMP 3.0, sasa inabaki inaharirika, nzuri sana. Lakini XCF hiyo ukiipeleka kwa mwenye 2.10 haifunguki, ataambiwa toleo la faili halitambuliki. Na plagini (programu ndogo za kuongezea) za zamani za Python nazo hazifanyi kazi 3.0. Nina mteja Buguruni kompyuta mbili meza moja, moja Windows 7 ambayo 3.0 haiikubali, nyingine Windows 10. Faili moja hadi leo wanasafirisha kwa PNG, leya zote zimekufa.

Kwa hiyo mtu akisema tatizo ni Linux na Windows, mara nyingi ni toleo na toleo.

#30 Binti Ubungo
Nirudi kwenye bluu kidogo, maana sijaridhika kwamba ni wino peke yake. GIMP kwa kawaida inafanya kazi kwa sRGB, RGB ya kawaida ya skrini. Kama Photoshop ya dukani imepangwa profaili ya CMYK isiyolingana na mashine yao, namba zilezile zinaweza kutafsiriwa kuwa majenta nyingi kuliko inavyotakiwa. Zambarau inazidi zambarau.

#31 Mzee wa Wino
Inawezekana. Lakini hata ikisomwa sahihi, ile 255 inafia palepale. Na tusisahau katriji ya sayani ikikaribia kwisha, bluu zote zinaegemea majenta. Nimeziona kazi za Ijumaa jioni.

#32 Mama Steshenari
Mchora Kadi, tuambie, bibi harusi mwenyewe amesemaje?

#33 Mchora Kadi
Bibi harusi amezipenda. Amesema zambarau inaendana na vitenge vya kamati. Mama yake ndiye aliyekataa, kwa sababu ya jina la mwanawe kukanyaga ua. Nimekubali kuzirudia kwa gharama yangu, zilizobaki ni siku tisa.

#34 Nyuki wa Tabata
Mama yuko sahihi. Jina la bibi harusi halikanyagi ua.

#35 Mpemba wa Kigamboni
Safari hii maandishi usiyafanyie GIMP. Picha ya maua itoe GIMP, maandishi yapange Inkscape, ukimaliza geuza herufi kuwa michoro kupitia menyu ya njia. Zikishakuwa michoro hazihitaji fonti ya mtu. Kisha ingiza Scribus utoe PDF ya CMYK. Zote tatu zipo Linux, Windows na Mac. Acha milimita 3 za ziada kila upande kwa ajili ya kisu.

#36 Mzee wa Wino
Na kabla ya kuchapa 200, chapa moja. Omba ukanda wa majaribio wenye bluu tofauti, ulipie hiyo karatasi, usione haya.

#37 Mchora Kadi
Nimerudi wakuu. Nimefanya kama mlivyosema. PDF moja kutoka Scribus, imebeba vipande vitano vya bluu, kutoka ile ya 0, 0, 255 hadi sayani 100 na majenta 60. Nimechapa maduka mawili, lile la kwanza na jingine la Mnazi Mmoja, karatasi ileile nimenunua mwenyewe.

Duka la kwanza, vipande vitatu vimetoka zambarau, pamoja na kile cha majenta 70. Mnazi Mmoja, kimoja tu ndicho zambarau, vingine vinne ni bluu safi. Faili ni lilelile, sijaligusa hata kidogo.

Jina la bibi limekaa katikati kote kuwili. Nikaomba lile duka la kwanza wanionyeshe PSD yangu ya zamani nione kama waliandika upya, wakasema mafaili ya wateja yanafutwa kila Ijumaa.

#38 Binti Ubungo
Faili moja, rangi mbili. Kwa hiyo ni profaili ya dukani, nilisema.

#39 Mzee wa Wino
Au sayani yao imekwisha, binti. Mchora Kadi, mashine hizo ni za leza au za wino wa maji?

#40 Mchora Kadi
Zote leza, mzee. Kadi 200 nazipeleka Mnazi Mmoja kesho asubuhi saa mbili.